Sindano ya damu yako mwenyewe gotini: yanayosemwa na ukweli wake

Pesa ya korosho ikianza kuingia kwenye simu, mambo mengi yaliyokuwa yamelala huamka kwa pamoja: bati, ada, harusi, na magoti ya mama. Mwishoni mwa msimu uliopita, mama mkubwa wangu, ambaye ameokota korosho Tandahimba tangu akiwa binti, alinitumia video iliyokuwa ikizunguka kwenye kundi la ukoo. Mtu aliyevaa koti jeupe anamtoa mgonjwa damu mkononi, anaiweka kwenye mashine, inazungushwa, kisha anayavuta maji ya manjano yaliyoelea juu na kuyadunga gotini. Mgonjwa anasimama, anatembea, watu wanapiga makofi. Chini ya video mama mkubwa aliandika maneno mawili tu: "Mwanangu, vipi?"

Nilishindwa kumjibu kwa maneno mawili. Swali lake limefungwa pamoja na mambo ambayo sisi watu wa Kusini tumekuwa tukiambiana kuhusu magoti miaka nenda miaka rudi, mengine kweli, mengine siyo.

"Ute umeisha magotini"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Nenda kwa jirani na goti linalolia. Kabla hujakaa mkekani umeshaambiwa ute umekauka, kaloweke bamia usiku unywe maji yake asubuhi. Bamia inateleza, ute wa goti unateleza, basi akili inaunganisha. Lakini ule mlenda ukifika tumboni unasagwa kama chakula kingine chochote. Hakuna mfereji wa kuupeleka gotini. Bamia ni mboga nzuri, ile kwa ugali na wala usiipe kazi nyingine.

Goti zima lenyewe lina ute mchache mno, mililita chache tu, haujazi kijiko cha chai. Na ajabu ni kwamba goti linalougua mara nyingi huwa na ute mwingi kuliko kawaida, ndiyo maana linavimba. Ulichopungukiwa ute huo ni ule uzito wake wa kulainisha. Kinacholika ni gegedu, lile tandiko jeupe laini unaloliona kwenye ncha ya mfupa wa paja la kuku. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichakaa haliponi kama ngozi iliyochubuka. Halina neva pia. Maana yake gegedu lenyewe haliumi: maumivu yanatoka kwa majirani zake, yaani mfupa ulio chini yake, utando unaozunguka kiungo, na misuli ya paja iliyolegea ikaliacha goti libebe mzigo peke yake. Ndiyo sababu utakuta mtu picha yake ya eksirei inatisha lakini anapanda mteremko wa Newala bila kulalamika, na mwingine picha yake ni ya kawaida ila usiku halali.

Ugonjwa huu kitaalamu ni osteoathritisi. Wengi huuita baridi yabisi, ila baridi yabisi yenyewe ni ugonjwa mwingine, wa kinga ya mwili kushambulia viungo, hasa vya vidole vya mikono yote miwili, na dawa zake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza sindano gani, uliza kwanza ugonjwa gani.

"Inaotesha gegedu jipya"

Hapa ndipo biashara ilipo. Madaktari huiita sindano hii PRP. Wanachukua damu yako kiasi, wanaizungusha kwenye mashine hadi chembe nyekundu zikae chini na plazima, yaani maji ya damu, ibaki juu. Ndani ya plazima hiyo wanakusanya chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata na panga. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Kwenye sindano hulengwa zifike mara kadhaa ya hapo. Chembe sahani hazigandishi damu tu. Zikipasuka humwaga protini zinazoita ukarabati kwenye jeraha. Hoja ya wagunduzi ikawa: tukizipeleka kwa wingi gotini, huenda zikatuliza uvimbe na kuamsha ukarabati.

Hoja ni nzuri. Kwenye maabara inaonyesha dalili za kuvutia. Kwenye goti la binadamu, hata hivyo, haijathibitishwa kwamba gegedu lililolika linarudi. Mwaka 2021 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio lililofanyika Australia kwa watu 288 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, magoti yao yakiwa na ugonjwa wa kiasi kidogo hadi cha kati. Nusu walidungwa PRP mara tatu, wiki kwa wiki. Nusu walidungwa maji ya chumvi. Hakuna mgonjwa aliyejua amepata ipi. Baada ya mwaka gegedu lilipimwa kwa mashine ya MRI: waliopata PRP walikuwa wamepungukiwa asilimia 1.4, waliopata maji ya chumvi asilimia 1.2. Kitakwimu hapo hakuna tofauti. Anayekuonyesha picha mbili za goti, "kabla" na "baada", na nafasi kati ya mifupa imepanuka, muulize zilipigwa kwa mkao gani. Goti likipigwa picha mgonjwa amelala, nafasi huonekana kubwa kuliko akiwa amesimama.

"Fulani kachomwa, kapona"

Simkatalii huyo fulani. Inawezekana kabisa amepata nafuu. Turudi kwa wale watu 288. Waliambiwa wataje maumivu yao kwa alama, sifuri hadi kumi. Baada ya mwaka, waliopata PRP maumivu yalishuka kwa alama 2.1. Waliopata maji ya chumvi yalishuka kwa alama 1.8.

Soma tena hiyo ya pili. Lindi tuna mashamba ya chumvi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maji yake yanatibu goti. Lakini mtu aliyelipa, aliyesafiri, aliyetolewa damu na kudungwa sindano na mtu anayemwamini, mwili wake unalegeza maumivu kweli, siyo kujifanya. Kisha goti lenyewe lina siku zake: linauma sana msimu mmoja, linatulia mwingine. Watu huenda kwa mganga au daktari siku linapouma kupita kiasi, na kutoka hapo maumivu yangeshuka hata hivyo. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe shangazi yako, hauwezi kukata shauri hili.

Lakini nisiegemee upande mmoja. Wapo waliolikosoa jaribio la Australia kwamba chembe sahani zilizodungwa zilikuwa chache. Na yapo majaribio mengine yaliyolinganisha PRP na sindano za asidi ya hayaluroniki, yaani ute wa kutengenezwa, au za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yakaona waliopata PRP wana nafuu zaidi kwa miezi sita hadi mwaka. Mgogoro mkubwa ni kwamba "PRP" si dawa moja. Huyu anatoa damu kidogo, yule nyingi. Huyu anazungusha mara moja, yule mara mbili. Mmoja anaziacha chembe nyeupe ndani, mwingine anaziondoa. Sindano moja, sindano tatu. Ni kama kusema "mchuzi" bila kusema wa nini.

Wataalamu wenyewe wamegawanyika. Chama cha madaktari wa viungo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kilisema isitumike kwa osteoathritisi ya goti. Chama cha madaktari wapasuaji wa mifupa wa nchi hiyohiyo, mwaka 2021, kikasema inaweza kupunguza maumivu, ila ushahidi una mipaka. Kwa hiyo daktari akikwambia "huenda ikakusaidia kwa miezi kadhaa, huenda isikusaidie", huyo anasema kweli. Akikuhakikishia kupona, funga mkoba.

"Ni damu yako mwenyewe, haiwezi kukudhuru"

Dhana hii inanitia hofu kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Damu yako haitakuletea mzio kama dawa ngeni. Goti kuuma na kuvimba siku mbili tatu baada ya sindano ni jambo la kawaida. Lakini damu imetoka, imeingia kwenye bomba, imepita mikononi mwa mtu, imerudi. Kila hatua ni mlango wa vijidudu. Kijidudu kikiingia ndani ya goti, kiungo kinaweza kuharibika zaidi kwa siku chache kuliko osteoathritisi ilivyofanya kwa miaka kumi. Goti likiwa jekundu, la moto, limevimba na una homa baada ya sindano yoyote, usisubiri asubuhi.

Na bomba likichanganywa, damu si yako tena. Mwaka 2018 huko New Mexico, Marekani, mwanamke aliyedungwa plazima yake usoni kwa ajili ya urembo alikutwa na VVU. Uchunguzi uliofuata ukawakuta na wateja wengine wa saluni hiyohiyo. Wakaguzi walikuta mabomba ya damu yasiyo na majina ndani ya friji, pamoja na chakula. Mashine ya kuzungusha damu ipo hata kwenye maabara ndogo ya mtaani, kwa hiyo kuwa na mashine hakumfanyi mtu kuwa mtaalamu wa magoti. Uliza kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Angalia sindano mpya ikifunguliwa mbele yako, na jina lako likiandikwa kwenye bomba kabla halijaondoka machoni pako.

Kuna jambo la kwetu zaidi. Malaria hushusha chembe sahani, na ukanda wetu malaria si mgeni. Aliyetoka kuumwa asikimbilie sindano hii. Apime damu kwanza. Diklofenaki na aspirini nazo huzivuruga chembe hizo, ndiyo maana madaktari wengi humwambia mgonjwa aache vidonge vya maumivu siku kadhaa kabla. Ila kama aspirini unatumia kwa ajili ya moyo, usiiache bila daktari wako kujua.

"Basi yote ni utapeli"

Hapana. Tiba ambayo ushahidi wake unagongana si utapeli. Utapeli ni kuuza kisichothibitishwa kana kwamba kimethibitishwa. Mwenye goti lililoanza kuchakaa, aliyejaribu mengine, mwenye fedha asizozihitaji kwa ada, akaambiwa ukweli na akaridhia, sina ugomvi naye. Goti lililokwisha kupinda, mfupa kwa mfupa, ndilo lenye matumaini madogo zaidi kwa sindano hii. Hilo swali lake ni la upasuaji wa kubadilisha goti, ambao MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wameufanya miaka mingi.

"Goti bovu lipumzishwe"

Hii nayo tumerithi. Goti likiuma, mama anakalishwa, mjukuu anachota maji, mwaka unapita, paja limesinyaa na goti limezidi. Kuchuchumaa na kupiga magoti kwa saa nyingi kweli huliumiza, na kuokota korosho ni kazi hiyohiyo kutwa nzima, kama ilivyo kukuna nazi juu ya mbuzi ya chini. Hayo yapunguzwe. Lakini kuliacha kazi kabisa ni kosa. Misuli ya paja ikiwa na nguvu hubeba mzigo badala ya kiungo: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu uwe sambamba na sakafu, hesabu hadi tano, shusha, rudia mara kumi, kila siku, mguu mmoja baada ya mwingine. Baadaye uinuke kitini bila kujishika. Yatauma kidogo wiki za mwanzo, na hilo si dalili ya kuharibika. Ligula ya Mtwara na Sokoine ya Lindi ni hospitali za rufaa za mkoa. Ukifika, omba uonane na mtaalamu wa mazoezi tiba, usiishie dirisha la dawa.

Na uzito. Watafiti wamepima: kila kilo moja unayopunguza hupunguza kama kilo nne za mzigo gotini katika kila hatua. Kilo tano ni ishirini kwa hatua, na hesabu mwenyewe hatua za kwenda shamba na kurudi. Diklofenaki ya kupaka ni salama kwa tumbo na figo kuliko ile ya kumeza kila siku, ambayo wengi wetu tunainunua kama pipi. Kwa anayesali, kusali kwenye kiti kunaruhusiwa kwa mwenye udhuru. Muulize imamu, atakwambia.

Nilimpigia mama mkubwa nikamweleza yote haya, akasikiliza mpaka salio langu likakaribia kuisha. Nikamwambia hela ya korosho asiiguse kwanza. Ajaribu mazoezi miezi mitatu, aache kuketi chini, na ile mbuzi ya kukunia nazi aipandishe juu ya kitu. Wiki iliyopita kanitumia picha. Mbuzi ipo juu ya benchi, nazi imewekwa, na aliyeikalia ni mjukuu.