Warusi wa nje "wanaorudi nyumbani": yanayosemwa na yaliyopo

Mei 2006 Rais Vladimir Putin aliliambia bunge kwamba Urusi inapoteza karibu watu 700,000 kila mwaka. Tarehe 22 Juni akasaini amri namba 637, ya kuwasaidia wazungumzaji wa Kirusi walioko nje wahamie Urusi kwa hiari. Kirusi kinawaita sootechestvenniki, yaani wenzetu wa nchi moja. Maneno yaliyouzunguka mpango huu ni mengi, na mengine hayana miguu.

Dhana: Ni watu wanaorudi kwao.

Wengi wao hawajawahi kuishi huko. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, wao walibaki majumbani mwao. Mipaka ndiyo iliyohama. Sensa ya 1989 ilihesabu Warusi wapatao milioni 25 katika jamhuri nyingine za muungano, na zaidi ya milioni sita kati yao walikuwa Kazakhstan. Mtu aliyezaliwa Karaganda, mji wa Kazakhstan, shule kasoma Karaganda na wazazi wake kawazika hapohapo, akifunga mizigo kwenda Kaluga, Urusi, anarudi wapi? Huyo anahama, na makaburi anayaacha nyuma.

Dhana: Mlango uko wazi kwa Warusi wa damu tu.

Sheria ya 1999 inayoeleza nani ni "mwenzetu" haikusimama kwenye kabila. Inawagusa waliokuwa raia wa Muungano wa Kisovieti, vizazi vyao, na watu wa jamii zilizoishi Urusi tangu zamani. Kwa hiyo Mtajiki au Muarmenia anayejua Kirusi ameweza kuingia, na katika miaka ya karibuni Tajikistan imekuwa miongoni mwa nchi zinazotoa watu wengi zaidi. Waliotarajia kina Ivan wakaona wanashuka kina Rustam, na manung'uniko yakaanza. Mwaka 2023 masharti ya kuthibitisha Kirusi yakakazwa, na mwaka uliofuata idadi ya waliokuja ikaporomoka.

Dhana: Serikali inawapanga inakotaka, hasa Mashariki ya Mbali ya Urusi.

Ingependa. Upande ule, unaopakana na China, ardhi ni kubwa na watu wachache. Chambo kiliwekwa: kwa miaka mingi mhamiaji mkuu, yaani aliyeomba kwa jina lake, akikubali kwenda maeneo ya kipaumbele aliahidiwa rubo 240,000 na kila mwanafamilia 120,000, wakati kwingineko ilikuwa 20,000 na 10,000. Hata hivyo watu walijazana Kaluga, Voronezh, Lipetsk na Kaliningrad. Moscow na Saint Petersburg hazikuwamo kwenye mpango, lakini Kaluga iko chini ya kilomita 200 kutoka Moscow. Baba mwenye watoto wawili wa kusomesha anapiga hesabu ya mshahara na shule. Habari za kulinda mpaka hazimhusu.

Wapo waliokwenda mbali kweli, na kisa chao kinanivutia kuliko takwimu zote hizi. Katika kijiji cha Dersu, mkoa wa Primorye, hukohuko Mashariki ya Mbali, zilihamia kutoka Amerika ya Kusini familia za Waumini wa Kale, Wakristo wa Kiorthodoksi wanaoshika ibada za kale. Mababu zao walikimbia utawala wa Kisovieti wakapitia China, na safari ikaishia kwenye mashamba ya nchi kama Bolivia na Uruguay. Walishuka Dersu wanaume wana ndevu ndefu na mishipi juu ya mashati, wanawake wana magauni marefu waliyoshona wenyewe, wote wakizungumza Kirusi cha zamani ambacho mjini kimeshasahaulika. Walikuwa wakulima hodari. Lakini walikuta baridi kali na makaratasi yasiyoisha, na baadhi wakakata shauri la kurejea Amerika ya Kusini.

Dhana: Wanapewa nyumba.

Hawapewi. Wanapewa njia ya mkato ya uraia, nauli na hiyo posho ya kuanzia maisha. Nyumba ni ya kujitafutia, na hapo ndipo wengi wanapokwama: makaratasi yanadai usajili wa makazi, na wenye nyumba wengi hawataki mgeni asajiliwe kwenye anwani yao. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni methali ya kwetu. Mwenye nyumba wa Voronezh hajaisikia.

Dhana: Wakija wote, pengo la watu Urusi litazibika.

Mwaka 2007, mwaka wa kwanza wa kazi, hawakufika hata 1,000. Kilele kilikuwa 2015, watu wapatao 183,000, wengi wao kutoka Ukraine, na kilichowasukuma ni vita vya Donbas, mashariki mwa Ukraine, zaidi ya amri yoyote. Jumla ilipita milioni moja baada ya karibu miaka 15. Sasa linganisha: mwaka 2021 peke yake, Uviko ukiwa umepamba moto, vifo vilizidi vizazi kwa zaidi ya milioni moja. Mwaka mmoja ulimeza kazi ya miaka yote hiyo.

Tena mpango wenyewe ulichelewa. Wimbi kubwa lilipita miaka ya 1990, wakati watu walipohama kwa akiba zao wenyewe bila mpango wala posho. Kazakhstan, ile ya Warusi zaidi ya milioni sita, sensa ya 2021 iliwakuta takriban milioni tatu. Vijana wengi walishaondoka. Waliobaki umri umewaendea, na bibi wa miaka 70, hata akikubali kuhamia Lipetsk, wodi ya wazazi haimhitaji.