Ukamilifu si kukosa kasoro

Wengi hudhani mtu kamili ni asiye na doa, na kwamba maisha ni kazi ya kufuta kasoro moja baada ya nyingine. Mwanafalsafa wa Ugiriki, Aristotle (384–322 KK), alitenganisha maana tatu: kitu kisichopungukiwa sehemu yoyote; kitu kisichopitwa na kingine cha aina yake; na kitu kilichofikia lengo lake. Dhana potofu hung'ang'ania mbili za mwanzo. Ya tatu ndiyo inayogusa maisha, maana huanza na swali: hiki ni cha nini?

Tazama jahazi likiundwa ufukweni Bagamoyo. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hutoka kwenye matawi yaliyopinda tangu porini; fundi huutafuta mpindo huo, mti ulionyooka haumfai. Mianya huzibwa kwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta, kisha mbao hunywa maji na kubana. Maji kidogo bado huingia, ndiyo maana upo, chombo kidogo cha kufulia maji, haukosekani jahazini. Ukizidisha randa ili ubao ung'ae, unakonda na msumari haushiki. Ukiliacha nchi kavu likisubiri kunakshiwa zaidi, mbao hunywea na mianya hufunguka.

Ndivyo anavyokwama anayeahirisha kuoa, kufundisha au kufungua duka mpaka awe tayari kabisa (tayari kwa lipi, huwa hasemi). Taja kazi kwanza. Kasoro inayoizuia, kama hasira kwa mlezi, ishughulikie leo. Mwandiko mbaya wa mlezi unaweza kungoja. Wa mfamasia hauwezi.