Soya ya Tofu Huchaguliwa Kabla ya Kufika Sufuriani

Soya inayomfurahisha mkamua mafuta si lazima imfae mama anayetengeneza tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukandamizwa) Ujiji, Kigoma, au Urambo, Tabora. Punje kavu ina protini takriban asilimia 40 na mafuta asilimia 20, na viwili hivi huvutana: protini ikipanda, mafuta hushuka, na mara nyingi mavuno nayo hupungua. Kwa hiyo anayezalisha mbegu ya jikoni hawezi kuchagua kwa hesabu ya magunia peke yake.

Wingi wa protini nao hautoshi. Protini kuu za soya ni mbili, glisinini na beta-konglisinini. Glisinini ikiwa nyingi, tofu huwa ngumu na hukatika vipande bila kumeguka. Angalia pia jicho la punje, yaani kovu pale iliposhikana na ganda: jicho jeusi huchafua rangi ya maziwa na tofu, hivyo punje kubwa yenye jicho jeupe ndiyo inayotafutwa.

Kuchanganya aina mbili ili kupata mbegu yenye sifa hizo ni kazi ya vidole na subira. Ua la soya hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, kwa hiyo ukisubiri lichanue umechelewa. Chagua tumba ambalo petali ndiyo kwanza zinachungulia, ondoa sepali (vijani vya kijani vinavyolifunika) kwa kibanio chenye ncha kali, vuta petali, kisha gusisha chavua ya ua la baba lililofunguka asubuhi hiyo kwenye ncha ya sehemu ya kike iliyo katikati ya ua. Maua mengi hudondoka, usikate tamaa. Mama akiwa wa maua meupe na baba wa zambarau, uthibitisho ni rahisi: mche wa uzao wa kwanza ukitoa ua jeupe, mama alijichavusha, ung'oe.

Kuanzia hapo mimea huachwa ijichavushe. Mchanganyiko wa urithi hupungua nusu kila kizazi, na kufikia cha sita hubaki takriban asilimia 3. Ukigawa mbegu mapema zaidi, shamba litakuwa na mimea ya kila namna.

Ile harufu ya majani mabichi inayowafukuza wengi husababishwa na vimeng'enya vya lipoksijenasi, ambavyo huamka punje inaposagwa kwa maji baridi. Zipo mbegu zisizokuwa navyo, ila sifa hiyo imejificha: kwa jeni moja, punje moja kati ya nne tu za uzao wa pili ndiyo huionyesha. Hukatwa kipande kidogo upande usio na kiini, kikapimwa, na sehemu iliyobaki ikapandwa. Aina isiyo na sifa hiyo, saga kwa maji yanayochemka.

Sasa jaribio ambalo kikundi chochote kinaweza kufanya. Loweka punje 100 kwa saa 12, kisha hesabu zilizobaki ngumu kama changarawe. Zikiwa nyingi, aina hiyo itakupotezea maziwa. Halafu chukua gramu 200 za kila aina, loweka, saga na lita 2 za maji, chuja, chemsha dakika 10 ukikoroga. Poza hadi nyuzi 80, tia gramu 6 za jasi ya chakula (si ya ujenzi), ambayo hugandisha maziwa, iliyokorogwa kwenye maji kidogo, na subiri dakika 20. Kandamiza kwa uzito uleule kwa muda uleule, kisha pima tofu ya kila aina. Kipimo cha jasi kikibadilika, hujalinganisha mbegu, umelinganisha mikono.

Punje zote ziwe za msimu mmoja. Soya iliyokaa mwaka kwenye ghala lenye joto la Tabora, ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 12, hutoa tofu dhaifu hata kama aina ni nzuri. Kigoma, ambako mvua hukuta maganda yameiva, punje hutoka na madoa ya zambarau. Zichambue kabla ya kulinganisha, na jaribu katika mikoa yote miwili.