"Haijawahi kutumika" si sifa ya ampli ya zamani

Wiki hii tena kanisa moja hapa Goma limeniletea ampli (kikuza sauti) ya okazyo, yaani mtumba, ya Ulaya, nzito, ya bei kali, na maneno ni yale yale: "Fundi, hii ni mpya kabisa, ilikaa tu kwenye katoni." Nimechoka kuyasikia, maana ndiyo yanayomaliza pesa za sadaka.

Kondansateri (vipande vinavyotunza chaji ya umeme) kubwa za alimentasio, sehemu inayoilisha ampli umeme, huzeeka hata zikilala. Ndani yake mna utando mwembamba wa oksidi ya alumini, na volti ndiyo inayoutunza. Miaka ikipita bila umeme, utando hudhoofika. Siku unapochomeka ampli moja kwa moja kwenye 220 V, mkondo huvuja ndani ya kondansateri, joto hupanda, gesi hujaa, inapasuka. Ile iliyokuwa ikipigwa kila Jumapili isingekusumbua sana hivyo. Ampli ya transfoma iliyolala muda mrefu naiamsha kwa variaki (transfoma ya kupandisha volti kwa mkono), volti chache chache, kwa saa kadhaa. Yenye alimentasio ya kukatakata (inayokata umeme haraka haraka badala ya kutumia transfoma kubwa) usiifanyie hivyo, haikubali volti ndogo.

Wengine huniuliza imefanya kazi kwa saa ngapi kwa jumla. Uliza ilifanya kazi kwenye joto gani! Kondansateri iliyoandikwa saa 2,000 kwa 85°C, kila ukiishushia digrii 10 maisha yake huongezeka takriban maradufu: kwa 65°C ni saa 8,000, kwa 45°C ni saa 32,000. Ampli mbili za mwaka mmoja, moja ikipata hewa na nyingine ikifungiwa kabatini, hazina tena umri mmoja. Na ikishafika kwetu, vumbi jeusi la volkano linaziba feni. Fungua kifuniko kabla ya kufungua pochi.

Potensiometa (vitufe vya kuzungusha sauti) zinazokwaruza husafishwa, hilo dogo.

Kinachonitatiza ni kupima. Kondansateri ikipimwa nzuri leo, kipimo hicho hakiahidi kitu kwa mwakani. Kuna mafundi wanaobadilisha zote kwa mpigo. Mimi nasita: kila unapong'oa risasi ya kuchomelea kwenye sakiti ya zamani, njia za shaba zinaweza kubanduka, na kati ya kondansateri mpya za sokoni mna za bandia. Nabadilisha za alimentasio na zilizo jirani na redieta (bati la kutoa joto), nyingine naziacha, na mteja namwambia wazi kwamba hapo nimekisia.

Muuzaji akikataa ampli iwashwe kwa muda wa saa mbili ikiwa na spika zake, kwa sauti ya ibada, usimlipe.