Karatasi Iliyomtoa Carter Gerezani

Mtu akishajua kwamba nashika rufaa za jinai, haipiti muda ataniuliza juu ya Rubin Carter, yule bondia wa New Jersey aliyeitwa Kimbunga: mwishowe ilithibitika kwamba hakuua? Jibu langu huwakera wengi. Jaji aliyemtoa gerezani hakuwa akiamua swali hilo.

Alfajiri ya Juni 17, 1966, mjini Paterson, wanaume wawili weusi waliingia baa ya Lafayette wakamimina risasi. Watu watatu walikufa, wote wazungu. Carter, ambaye mwaka 1963 alimshinda bingwa wa ndondi Emile Griffith raundi ya kwanza tu, alifungwa maisha mwaka 1967 pamoja na kijana John Artis. Kesi iliegemea hasa kwa wezi wawili waliokuwa jirani na pale wakitafuta kuvunja kiwanda. Mmoja ni Alfred Bello. Wote wawili walikana ushahidi wao mwaka 1974, na mwaka 1976 mahakama ya juu ya jimbo ikaamuru kesi isikilizwe upya.

Hapa ndipo mimi hupunguza mwendo. Bello sasa alikuwa na hadithi mpya: kwamba alikuwa ndani ya baa. Mtaalamu wa kipimo cha uongo alimpima, akawaambia waendesha mashtaka kwa mdomo kuwa hiyo ya ndani ya baa ndiyo kweli. Ripoti yake ya maandishi ikasema kweli ni ile ya 1967, na mwaka 1967 Bello aliapa kuwa alikuwa barabarani. Mtu mmoja, sehemu mbili! Ripoti ile ikatumika kumrudisha Bello kwenye hadithi ya barabarani, akatoa ushahidi huo, na Carter na Artis wakatiwa hatiani tena. Mawakili wao hawakuambiwa kauli ya mdomo ilivyokuwa.

Tena upande wa mashtaka ulidai kwamba waliua kulipiza kisasi, kwa kuwa usiku uleule mzungu alikuwa amemuua mwenye baa mweusi. Ushahidi kwamba wawili hawa walikuwa na chuki hiyo haukuwapo, ila rangi yao.

Mwaka 1982 mahakama ya jimbo iliwakatalia kwa kura 4 dhidi ya 3. Ndipo ukaja mlango wa habeas corpus katika mahakama ya shirikisho: ombi ambalo jaji hupima kama mtu anashikiliwa kihalali, si kama aliua. Huku kwetu tumeuzoea kwa mtu aliyewekwa mahabusu bila kufikishwa kortini. Marekani hata mfungwa aliyemaliza rufaa zote anaweza kuubisha. Novemba 1985 Jaji H. Lee Sarokin aliona makosa mawili: ushahidi uliofichwa na kesi iliyojengwa juu ya ubaguzi. Carter akatoka, Artis alikuwa nje kwa parole, yaani ameachiwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, tangu 1981.

Jimbo lilikata rufaa, likashindwa, na mwaka 1988 likafuta mashtaka badala ya kuanza kesi ya tatu. Kwa mauaji ya Lafayette, hakuna mwingine aliyewahi kutiwa hatiani.