Kafestoli ni nini, na inahusiana vipi na moyo wa mnywaji kahawa

Kijiweni ukiuliza kahawa inafanya nini kwenye moyo, kila mtu atakwambia kafeini, inaamsha mapigo na kupandisha presha. Ni kweli, ila presha hiyo inapanda kwa muda tu, baada ya masaa kama matano nusu ya kafeini imeshatoka mwilini, na anayekunywa kila siku mwili wake unazoea. Kuna kitu kingine kwenye kikombe ambacho hakizungumzwi kabisa na mi naona kwa sisi wa kahawa chungu ndo cha kujua kwanza, kinaitwa kafestoli.

Buni ni mbegu, na mbegu ina mafuta yake kama karanga au ufuta. Kafestoli imo ndani ya mafuta hayo. Ukichemsha unga wa kahawa yale mafuta yanatoka yanachanganyika na maji, unayanywa bila kuyaona. Sasa kazi moja ya ini ni kuchukua kolesteroli na kuigeuza nyongo, kafestoli ikiingia inalifanya ini lipunguze hiyo kazi, kwa hiyo kolesteroli inabaki kwenye damu, hasa ile mbaya wanayoiita LDL, na ikikaa juu miaka na miaka inajenga utando kwenye mishipa inayolisha moyo wenyewe.

Walioanza kuligundua ni watu wa Norway, mji wa Tromsø kule kaskazini kabisa, mwaka 1983, waliona wanywaji kahawa wana kolesteroli ya juu kuliko wasiokunywa na watu wakashangaa maana sehemu nyingine matokeo hayakuwa hivyo. Kumbe kule walikuwa wanachemsha kahawa na unga wake humohumo, kwingine watu wanachuja kwa karatasi, na karatasi inayanasa yale mafuta karibu yote. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine wa Norway, watu zaidi ya 500,000 waliofuatiliwa miaka kama 20, waliokunywa ya kuchuja walikufa wachache kuliko wa ile isiyochujwa, na hata kuliko wasiokunywa kabisa. Yaani kahawa ileile, tofauti ni namna ya kuipika.

Sasa fikiria dele letu, la Tanga, Mombasa, Unguja popote, linakaa juu ya mkaa kuanzia alasiri mpaka usiku unga ukiwa ndani. Hiyo ni kahawa ya kuchemsha kama ya Tromsø. Afadhali yetu vikombe ni vidogo, na kama ni robusta ya Bukoba kafestoli yake ni kama nusu ya ile ya arabika ya Kilimanjaro, ingawa kafeini ni karibu mara mbili. Kahawa ya kuyeyusha ya kwenye kopo haina shida hii, kafestoli yake ni kidogo sana.

Kwa hiyo kama umepima kolesteroli imepanda na unapiga vikombe sita saba kila jioni mwambie daktari kwamba ni ya kuchemsha, maana ukisema "kahawa" tu hatajua. Mwenye presha kali, 160 kwa 100 kwenda juu, huyo suala lake ni lingine, utafiti wa Japani wa 2022 uliona wenye presha hiyo wakinywa vikombe viwili au zaidi kwa siku hatari ya kufa kwa moyo au kiharusi iliongezeka karibu mara mbili, hapo kuchuja peke yake hakutoshi.

Nyumbani wala huhitaji mashine, chemsha kama kawaida na tangawizi yako, acha itulie, kisha ipitishe kwenye karatasi ya kuchujia, zinauzwa supamaketi. Na kijiweni kile kikombe cha mwisho wa dele, kizito, chenye unga chini, ambacho wazee wanakipenda sana, unga wenyewe bado umebeba mafuta, usiumeze.