Mdomo wa mtoto ukienda upande, unaoumwa ni upande upi?

Mdomo ukivutwa kulia, ugonjwa uko kushoto. Nalitanguliza hili kwa sababu nililikosea mbele ya watu. Mtoto wa jirani yetu hapa Kirumba, Mwanza, miaka sita, aliamka mdomo umekwenda kulia, uji ukimchuruzika pembe ya kushoto. Wengine walisema ni upepo wa ziwa. Mimi, mjuaji, nikashauri akandwe maji ya moto shavu la kulia, lile lililokunjamana. Bibi yake akamkanda, wiki nzima, shavu lisilo na tatizo lolote.

Chukua turubai la kibanda cha dagaa pale Mwaloni, lenye kamba kulia na kushoto. Ya kushoto ikilegea, turubai lote linakwenda kulia. Mpita njia atanyooshea kidole kulia, kwenye mikunjo, ilhali kamba ya kulia inafanya kazi ileile ya jana. Misuli ya mashavu nayo huvutana hata ukiwa umenyamaza, na mdomo unakaa katikati kwa kuwa ngoma ni droo. Upande uliopooza hulainika, ule mstari wa kutoka puani hadi mdomoni unafifia, basi unaonekana ndio mzuri zaidi.

Kamba ni misuli hiyo; inayoiamuru ni neva (mshipa wa fahamu) ya saba kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Hupita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ikivimba humo inabanwa, kama kidole kilichovimba ndani ya pete. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Virusi vinashukiwa, upepo haujathibitishwa. Ila masikio yenye usaha, ajali, hata presha ya juu kwa mtoto huweza kuleta hali hii, kwa hiyo hospitali ni siku hiyohiyo.

Huko ataambiwa anyanyue nyusi. Paji likibaki laini upande uliolegea, shaka iko kwenye neva. Likikunjamana pande zote, shaka inahamia kwenye ubongo, maana paji hupokea amri kutoka nusu zote mbili za ubongo.

Kioja kiko kwenye jicho. Linafumbuka vizuri, kwa kuwa kufumbua ni kazi ya neva nyingine, ya tatu. Kufumba ndiko kunakoshindikana. Mtoto akijaribu, mboni inapanda juu na unabaki kutazama weupe mtupu. (Habari za jini mtaani kwetu zilianzia hapo.) Kumbe wengi wetu mboni hupanda hivyo tukifumba macho, ila kope huficha. Jicho hilo lilindwe lisikauke, hasa usiku.

Predinisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, huwasaidia watu wazima. Kwa watoto ushahidi ni mwembamba: utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa 2022, wenye watoto 187, haukuona faida ya wazi baada ya mwezi mmoja. Kufikia miezi sita karibu wote walikuwa wamepona, waliopewa dawa na wasiopewa.

Wa jirani alipona kwa wiki tano. Bibi anasema ni kukanda.